Mbegu Iliyoanikwa Juani

Mimi ni wifi yake, na mawifi hatuna sifa nzuri. Kwa hiyo nikimsifu mwanamke aliyeolewa na kaka yangu, ujue sina ninachokitafuta. Miaka ya mwanzo nilijitahidi kumchukia, kama kazi ya uwifi inavyotaka, nikashindwa. Alikuwa haongei kiasi cha kunipa sababu.

Nyumbani tulimwita Shingo. Ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia nguo haumtoki shingoni tangu asubuhi hadi anapolala, hata akiosha vyombo. Jina lilianzia kwenye utepe. Baadaye likabaki kwa sababu ya shingo yenyewe, maana akishaamua jambo haigeuki kulia wala kushoto. Mimi ni msusi, nimeshika vichwa vingi vya watu wakaidi, lakini kama chake bado sijaona.

Kaka yangu alifariki bila kumwachia mtoto. Alimwachia cherehani, ambayo tangu zamani ilikuwa yake, na shamba, ambalo halikuwa lake. Ardhi ilikuwa ya familia. Vilikuwa vipande vitatu vinavyoshuka kutoka nyuma ya nyumba hadi barabarani, kila kimoja kimezuiwa na ukingo wa mawe. Cha juu na cha kati vilikuwa na uhai kidogo. Cha chini, kile ambacho kila mpita njia anakiona, tulikiita Mfupa. Udongo wake ulikuwa mweupe na mgumu, ukiupiga jembe unakurudishia mkono.

Nisimseme vibaya marehemu, lakini shamba lile alilichosha yeye. Alikuwa mtu wa mbolea ya dukani. Mama alipomwambia atie samadi, alijibu kwamba kinyesi ni cha watu wasio na duka. Basi kila msimu aliongeza. Shayiri ilipanda juu, kijani cha kutia wivu, halafu mvua ya kwanza yenye upepo inailaza chini kama walevi. Mnunuzi wa shayiri ya kimea cha bia alikuwa akija, anachukua punje kiganjani, anapuliza, anatikisa kichwa. Alisema punje nyembamba, tena imelishwa kupita kiasi, haifai kwa kimea. Tukawa tunalisha kuku. Na mwaka uliofuata kaka akaongeza tena.

Baada ya mazishi, kaka yetu mkubwa akaitisha kikao sebuleni. Huyu ni dereva wa lori mstaafu, anaishi mjini, na ana sauti iliyozoea kushindana na injini. Si mtu mbaya. Ila ana ugonjwa wa watu waliosafiri sana: anaamini kila kitu kina njia ya mkato.

"Shamba limekufa," alisema. "Tusidanganyane. Tupande mikaratusi, tupumzike. Na mama ukubali uje mjini. Umri umeenda, unaanza kusahausahau. Juzi umeacha birika jikoni mpaka likaungua."

"Birika moja," mama akasema.

"Leo birika, kesho nyumba."

Mama alikuwa akiogopa mjini kuliko kaburi, na wote tulijua.

Kuhusu mikaratusi, aliyewahi kuwa nayo anajua. Inakunywa maji ya jirani na ya jirani wa jirani, na ukiukata mti kisiki kinachipua kwa hasira. Ukishaipanda, shamba hulipati tena katika maisha yako. Na bila shamba, Shingo pale nyumbani angekuwa nani? Mjane asiye na mtoto, anayeshonea watu kwenye chumba cha shemeji zake. Hakuna aliyelisema hilo, lakini lilikaa pale sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Yeye wakati huo alikuwa akitia vifungo kwenye shati la mteja. Akamaliza kifungo, akakata uzi kwa meno.

"Shemeji, nipe msimu mmoja."

"Ufanye nini?"

"Nilime shayiri."

Kaka akacheka. "Si ndiyo aliyolima mumeo?"

"Yeye aliilisha mimea. Mimi nitalisha udongo."

"Mpe," mama akasema, bila kumwangalia mtu. "Msimu ni kitu gani? Unaisha tu."

Wakakubaliana hivi: wakati wa mavuno kaka angekuja kuangalia. Shamba likiwa limesimama, linabaki la shayiri chini ya mkono wa Shingo. Likiwa kama lilivyokuwa, mikaratusi inaingia. Na kwa kuwa kaka ni mtu wa njia ya mkato, aliagiza miche wiki ileile.

Shingo akaenda kwa bibi shamba, binti mmoja mwembamba mwenye pikipiki na buti kubwa kuliko miguu yake. Akarudi na jambo ambalo alilirudia kama mtu anayehesabu pindo: samadi iliyoiva, mbolea ya dukani nusu ya kawaida, na mbolea hai kwenye mbegu. Vyote vitatu, kila kimoja mahali pake na wakati wake.

"Mbolea hai ndiyo nini?" nilimuuliza.

Akanionyesha pakiti mbili, kubwa na ndogo, za unga mweusi, mbichimbichi kama masalia ya kahawa. "Humu kuna vijidudu. Vinakaa kwenye mizizi. Chakula kilichofungika ardhini, vinakifungua."

"Wewe umeviona?"

"Wewe umeona kipandauso? Na kila wiki unakilalamikia."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Samadi alianza nayo mapema. Alikusanya kwa kila mwenye ng'ombe, akairundika kivulini, akaifunika, akawa anaigeuza kwa uma mpaka ikaacha kunuka na kuwa nyeusi inayomomonyoka vidoleni. Mama alifurahi siku ile kama aliyeshinda kesi. Alisimama ukingoni akielekeza, "Pale bado, mwanangu, pale," na Shingo akimwaga samadi kwa koleo. Walipofika Mfupa, walizika samadi mara mbili ya kwingine.

Mbolea ya dukani ilimtia mama hasira. "Sumu ile ile iliyomuua mwanangu!"

"Haikumuua, mama. Aliimwaga bila kipimo, basi." Na Shingo akashona mfuko mrefu mwembamba kama soksi, wenye tundu dogo chini. Akaufunga kiunoni, akawa anatembea kwenye mfereji na mbolea inatoka mstari mwembamba kama chaki kwenye kitambaa. Akafukia udongo kidogo juu yake kabla ya mbegu. "Hii ya chini ni kali, itawachoma wadogo zangu wa kwenye mbegu. Udongo ukae katikati kama bitana." Mafundi wengine wangeshonea koti, yeye akashonea shamba.

Siku ya kupanda mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na udongo ulikuwa tayari. Alfajiri Shingo alichukua mbegu zote za vipande vyote vitatu, akazinyunyizia maji ya sukari, akazipaka ule unga mweusi wa pakiti ya kwanza mpaka kila punje ikavaa koti. Akazifunika na gunia bichi chini ya kibanda, akaenda shambani kumalizia mifereji. Nilikwenda naye. Siku ile saluni yangu ilifungwa, na wateja wangu walinitukana kwa haki.

Tuliporudi kuchukua mbegu, jua lilikuwa limekomaa. Na uani, kwenye mkeka mkubwa, mbegu zote zilikuwa zimetandazwa, zimekauka, zinameremeta. Mama alikuwa peku, akizigeuza kwa miguu, mistari mizuri iliyonyooka, kama alivyogeuza nafaka ya nyumba ile tangu alipoingia bibi harusi.

"Mmeziacha zimelowa," alisema. "Zingeota ukungu. Nimewaokolea."

Ni nani katika nyumba yetu ambaye hangefanya vile? Tangu tukiwa wadogo, nafaka iliyolowa inakwenda juani kabla hujaambiwa, hata ukiwa na homa. Lakini bibi shamba alikuwa amesema mara tatu, na mimi nikisikia: jua likivipata, vinakufa vyote.

"Mama, umefanya nini?" nilianza, na sauti yangu ilikuwa ile ya kaka. Shingo akanikanyaga mguu. Si kwa upole.

"Asante, mama," akasema. "Umechoka, kaa."

Akaingia ndani. Pakiti ya pili, ile ndogo, alikuwa ameihifadhi kwenye ubaridi, nyuma ya mtungi wa maji. Ilikuwa ya akiba, na bibi shamba hakuwa na nyingine mpaka msimu ujao. Ilitosha kipande kimoja tu.

Nilimfuata nikamnong'oneza: "Weka kile cha juu. Ndicho chenye udongo mzuri, kitatoka vizuri sana. Kaka akija umwonyeshe hicho."

"Cha juu hakuna aliyesema kimekufa," akajibu. "Nitaweka Mfupa."

"Utashindwa!"

"Basi nishindwe palepale wanaponiangalia."

Akapima mbegu za Mfupa, akazilowesha upya, akazipaka, safari hii akizishika mapajani ndani ya chumba chenye giza. Mama alisimama mlangoni.

"Mbona unazilowesha tena?"

"Hivi vijidudu viko hai, mama. Vinapenda unyevu na kivuli. Jua haviliwezi."

"Hai? Kwenye mbegu?" Mama alitaka kucheka. Halafu akageuka akaangalia mkeka uani, akaangalia jua. Akaenda akavaa ndala zake, na siku nzima hatukusikia sauti yake tena.

Tulipokuwa tunashuka na ndoo, Shingo alisimama njiani. "Wifi, la mkeka libaki uani."

"Kwa nini? Msimu wako umekwenda na jua, halafu ninyamaze?"

"Kaka yako akisikia, atasema mama amesahau tena. Atampakia kwenye gari kesho."

Nilitamani nipige kelele. Mimi si mtu wa kumeza maneno. Maneno nikimeza yananikwama. Lakini nilimwangalia, na ile shingo ilikuwa imeshakaa. Tukapanda vyote vitatu, vya juu viwili kwa mbegu zilizokufa vijidudu, cha chini kwa mbegu hai.

Shayiri iliota. Mwanzoni vipande vyote vilifanana, nikaanza kudhani bibi shamba ametuuzia masizi. Halafu ikaja wiki ya ukavu. Cha juu na cha kati vikaanza kufifia, njano ya mtu anayeamka kitandani baada ya malaria. Nusu ya mbolea ilikuwa nusu kweli, na wa kuisaidia walikuwa wameachwa kwenye mkeka. Mfupa ukabaki vile vile. Haukuwa kijani kile cha marehemu. Ulikuwa kijani cha kawaida, kama cha mtu anayekula nyumbani.

Kaka alikuja katikati ya msimu, akaona njano huko juu, akatoka mbio na kurudi na mfuko mzima wa mbolea ya kukuzia. Alifanya kwa huruma, lazima nikiri. "Mwaga yote, shemeji. Utaniaibisha bure."

Shingo akajaza soksi yake, akapitisha mstari mwembamba kwenye vile viwili vya juu, akafunga mfuko na kumrudishia.

"Na Mfupa?"

"Mfupa umeshiba."

"Mfupa umeshiba!" Kaka akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye akili pale. "Huyu mwanamke ana wazimu."

"Ni shingo tu," nikamwambia.

Mvua ya upepo ikaja kama ijavyo kila mwaka, punje zikiwa zinajaa. Ilipiga bati usiku kucha. Asubuhi tulitoka wote watatu bila kuambiana. Shayiri ya majirani ilikuwa imelala. Yetu ilikuwa imesimama, vipande vyote vitatu, kwa sababu hakuna iliyokuwa imevimbiwa. Nilimkumbatia mama. Mama alikuwa akiangalia vile viwili vya juu, ambavyo vilisimama lakini vilikuwa na mapengo, masuke mafupi huku na kule. Kisha akaangalia Mfupa. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

Siku ya mavuno kaka alifika na gari la mizigo, miche ya mikaratusi imejaa nyuma, majani yanatikisika. Alikuja na mnunuzi wa kimea pia, ili asionekane anahukumu peke yake. Mnunuzi akatembea Mfupa, akavunja suke, akasugua, akapuliza. Mara hii hakutikisa kichwa. Akaweka punje mdomoni akaitafuna, akasema, "Hii nachukua." Halafu akapanda juu. Kule alisugua, akapuliza, akapuliza tena. "Hii sina hakika. Imechanganyika. Nyingine nzuri, nyingine hapana."

Kaka akasimama kwenye ukingo wa mawe na kukunja mikono. Nilijua hotuba inakuja.

"Shemeji, umejitahidi. Mungu shahidi. Lakini makubaliano yalikuwa shamba, si kipande. Kipande kimoja kinaweza kubahatika. Mfupa mmezika samadi maradufu, mama mwenyewe ameniambia. Udongo mzuri wa juu umekushinda, udongo mbaya umekupa. Hiyo si kazi, ni bahati. Na bahati hatuwezi kuilima kila mwaka."

Na kwa kweli, kwa aliyeona kwa macho tu, alikuwa na hoja. Jibu moja tu lingemfunga mdomo, na lilikuwa neno moja: mkeka. Nilimwangalia Shingo. Alikuwa ameushika utepe wake kwa mikono miwili, anauvuta, vidole vimekaza. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Ardhi yake ilikuwa inaondoka mbele yake naye ananyamaza, kwa ajili ya mwanamke aliyemharibia mbegu. Nilimchukia dakika ile, na nilimpenda kupita ndugu zangu wa damu. Nikafungua mdomo.

"Ngoja," mama akasema.

Alishuka Mfupa akang'oa shina moja kwa mizizi yake. Akapanda cha kati, akang'oa jingine. Alihema, lakini hakukubali kushikwa mkono. Akaja akamwekea mwanawe mashina yote mawili miguuni.

"Angalia mizizi."

Mimi ni msusi, niliona kabla ya kaka. La cha kati mizizi yake ilikuwa mitupu, kama nywele zilizotoka kuoshwa. La Mfupa, kila mzizi ulikuwa umevaa udongo, umeung'ang'ania kama rasta. Ukitikisa hautoki.

"Hii ina vile vidudu vyake," mama akasema. "Hii havimo. Unajua kwa nini havimo?"

"Mama," Shingo akasema, "acha tu."

"Nyamaza wewe, umenyamaza vya kutosha, sasa nyamaza hivi hivi." Akamgeukia kaka. "Aliipaka mbegu yote. Mimi nikaianika. Asubuhi nzima, juani, kwa miguu hii. Unga wake ukabaki wa kipande kimoja tu. Angeweza kuweka juu akushinde kwa urahisi. Ameweka pabaya, na amepata. Na tangu siku ile hajaniambia neno, wala hajamwambia mtu, kwa sababu anajua wewe utasemaje."

Kaka alimwangalia mama yake. Nikaona lile neno linamjia mdomoni, la kusahau.

"Na sikusahau," mama akamwahi. "Nilikuwa najua ninachofanya. Nilichokuwa sijui ni vidudu vyenyewe vinataka nini. Hivyo ni vitu viwili, mwanangu. Kama kutojua ni ugonjwa, basi kwenye gari lile tupande wote, wewe ukiwa wa kwanza."

Mnunuzi wa kimea alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kaka akainama, akaokota lile shina la Mfupa, akalitikisa. Akalitikisa tena kwa nguvu. Udongo haukutoka. Akaenda nalo mpaka kwenye gari, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akawasha injini, na miche yake ikaondoka inapunga majani. Nilisikia aliigawa njiani kwa aliyeitaka.

Shingo alikaa chini kwenye ukingo wa mawe na kulia. Mama akakaa pembeni yake, akamfuta uso kwa ncha ya utepe wa kupimia, maana hapakuwa na kitambaa kingine. Mimi nilisimama kama mti. Msimu mzima nilikuwa nimebeba siri ambayo mama mwenyewe alikuwa anaijua kuliko mimi.

Msimu uliofuata bibi shamba alileta pakiti za kutosha vipande vyote. Siku ya kupanda, kaka alikuja bila kuitwa, akiwa na jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani. Alitukuta uani, akatusalimu kwa sauti yake ya injini, akaenda moja kwa moja ghalani kuchukua mbegu, akausukuma mlango mpaka mwisho na jua lote likaingia naye.

Ndani, juu ya kigoda, kando ya gunia bichi, alikuwa amekaa mama na kanga yake ameitandaza kama pazia.

"Funga mlango, wewe," akamwambia mtoto wake wa kwanza. "Unawaua."